Gemu ya Jicho la Kushoto

Jumamosi hiyo fundi wa mageti alizima mashine ya kuchomelea saa tano asubuhi, geti la watu likiwa nusu, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyooa. Simu ndiyo iliyomtoa kazini.

Ilikuwa simu ya muuguzi wa kliniki ya macho. Kwa upole wake wote alimkumbusha kwamba Jumatano ni siku ya binti yake kupimwa, miezi mitatu imetimia. Akauliza kama mtoto anavaa kibandiko chake cha kufunika jicho. Fundi akajibu anavaa, kila siku ya Mungu, muda wa saa nne kamili, tena anamsimamia mwenyewe. Muuguzi akamsifu, kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka neno akiwa ameshafika mlangoni, kwamba muda huo wa kibandiko mtoto asiachwe hivi hivi. Apewe kazi za karibu: kutunga shanga, kupaka rangi, hata hizi gemu za mkononi ni nzuri sana, zinalisaidia jicho. Akaaga. Fundi akabaki na simu mkononi.

Asiachwe hivi hivi! Na yeye miezi mitatu kamwacha hivi hivi. Mtoto akishabandikwa tu, huyo nje, juani, vumbini, kamba aruke yeye, wimbo aimbe yeye, jasho linamtiririka mpaka kibandiko kinaning'inia. Jicho gani litapona kwa fujo hizo? Zimebaki siku nne, na dawa imechezewa.

Binti mwenyewe walimwita Chiriku, maana kinywa chake hakikujua likizo. Alikuwa na miaka saba na miezi minane. Jicho lake la kushoto lilianza kukimbilia puani tangu akiwa wa kubebwa, na nyumbani walilifanyia utani. Mama yake alikuwa akisema ukipenda, chongo utaita kengeza, wanacheka, wanalibusu jicho lenyewe, yamekwisha. Hayo yalidumu mpaka mwalimu alipoleta barua kwamba mtoto hugonga madawati, na daima ni ya upande mmoja. Fundi akampeleka kliniki peke yake, mama akiwa zamu kiwandani anakoshona mashuka. Daktari alisema mengi siku ile. Fundi aliondoka na mawili: jicho la kushoto linapotea, na dawa yake ni kufunika jicho kwa muda wa saa nne kila siku kabla mtoto hajatimiza miaka minane. Akishavuka hapo, daktari alisema, kulirudisha ni kazi ngumu mno, na mara nyingi halirudi.

Wapo watakaosema, jicho moja tu, si anabaki na jingine? Fundi hakuweza kusema hivyo. Aliyemfundisha kazi anaitwa Mzee Chongo, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Kipande cha chuma kisichozidi punje ya mchele kilimrukia miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo mzee akimimina chai humimina pembeni ya kikombe. Akishuka ngazi huitafuta kila ngazi kwa kidole gumba cha mguu. Lile moja lililobaki analilinda kama yai. Upepo ukivuma kidogo tu, ameshaingia ndani. Fundi alifanya kazi bega kwa bega na mtu huyo, na tangu siku ya daktari akimtazama mzee hakumwona mzee. Alimwona Chiriku, mtu mzima, mama wa watu, anamwaga chai mezani. Hofu hiyo alikula nayo, akaoga nayo, akaenda nayo kazini.

Alipomuaga mzee kwamba anakwenda kumnunulia mtoto gemu, mzee aliuliza ni dawa gani hiyo inayochomekwa kwenye umeme. Kisha akalitazama geti lililolala sakafuni, akasema, "Nenda bwana. Geti halipofuki."

Duka lilikuwa katikati ya fundi simu na muuza mabegi ya safari, jembamba, kaunta ya kioo kutoka mlangoni mpaka ukutani. Muuzaji alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, bisibisi kaichomeka kwenye nywele, anauza vipya na vilivyotumika, na vilivyokufa anavifufua. Chiriku, ambaye baba alimpitia nyumbani, aliingia na kibandiko chake cheupe kwenye jicho la kushoto, akapanda stuli bila kuambiwa, na kabla hajakaa sawasawa alikwisha muuliza dada yule kama analala humo dukani, na kama halali, gemu zinalindwa na nani.

Fundi akaeleza haja yake kama mtaalamu anayezungumza na mwanafunzi. Mtoto ana jicho bovu, yuko kwenye tiba, anatakiwa atulie kitini, asikimbie, asitoke jasho. Kwa hiyo anataka mashine ya mkononi inayokaa na chaji, na gemu zisizoisha haraka. Hili jicho lililo wazi halina neno, linaona sindano kwenye majani, basi gemu iwe ngumu tu, ngumu haswa, imfunge hapo alipo. Dada akamtazama mtoto, akaona mgonjwa aliyefungwa, akaitikia kwa kichwa.

Akapanga mashine tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa mpya, kioo kipana, vishikio vinachomoka pembeni. Fundi akavichomoa na kuvirudisha mara nne, akatoa hukumu kwamba aliyebuni maungio haya hakushirikisha mafundi. Ya pili ilikuwa ya kukunja, kioo kimoja juu na kingine chini. Akaisogeza sikioni, akaikunja na kuikunjua, akasema bawaba hii haimalizi mwaka. Ya tatu ilikuwa ya bei poa, yenye gemu mia nne ndani yake, na hapo dada mwenyewe alimwonya kwamba hizo mia nne ni ishirini zilizobadilishwa nguo.

Ndipo akatoa ya nne, iliyotumika, imechubuka pembeni lakini kioo chake ni angavu na vitufe ni vikubwa. Akasema ilimfikia ikiwa imekufa kabisa. Mwenye nayo wa kwanza aliifungia kabatini mwaka mzima ili isichakae. Imebidi kubadilisha betri.

"Betri isipofanya kazi hufa, baba," alisema. "Watu wanadhani wanaitunza."

Fundi akasema hilo analijua siku nyingi, hata za magari ni vile vile. Akaigonga mashine kwa ukucha, akaitikisa, akaipitisha. Ikabaki kuchagua gemu.

Gemu zenyewe zilikuwa kwenye vikadi vidogo, na dada akamwachia mtoto ajaribu moja moja. Mbio za magari Chiriku alizimaliza huku anasimulia habari za mbuzi wa jirani. Mpira akafunga mabao sita, akaomba radhi kwa kipa. Fundi akasema hapana, hizi ni nyepesi, mtoto atakuwa nje baada ya nusu saa. Dada akachomeka ya sisimizi: sisimizi mdogo kama nukta anabeba punje ndani ya njia zilizopindana, na maagizo chini yake kwa herufi ambazo dada mwenyewe alizisogelea kuzisoma. Chiriku akazisoma akiwa ameegemea ukuta.

Hiyo ndiyo, fundi alijiambia. Kichwani alikuwa akipiga hesabu za siku zilizobaki. Leo, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Akaamua saa nne hazitoshi tena. Kibandiko kitakaa tangu mtoto akiamka mpaka anapolala, na gemu mkononi, atulie, jicho lipumzike siku nne mfululizo, labda Jumatano daktari akute japo kidogo kimeongezeka. Japo kidogo tu. Alikuwa akiomba kimoyomoyo, mtu ambaye kwa kawaida humwelekeza hata Mungu.

Dada alikuwa akifuta kioo cha mashine kwa kitambaa. Akauliza, wala si kwa ubaya, ni swali la mtu asiyejua.

"Samahani, baba. Jicho bovu si ndilo hilo lililofunikwa?"

"Ndilo."

"Sasa gemu italisaidiaje, kama lenyewe halioni?"

Fundi akafungua kinywa ajibu. Jibu alikuwa nalo, lini alikosa? Macho ni kazi yake. Mchomeleaji yeyote anajua kwamba jicho likipigwa na mwanga wa moto unalifunga kitambaa cha maji, unalilaza gizani, kesho linaamka. Jicho bovu hupumzishwa, nani asiyejua hilo? Lakini jibu lilifika ulimini likakwama, maana maneno ya muuguzi yalikuwa yametangulia: zinalisaidia jicho. Ni jicho gani linalosaidiwa na kitu cha kutazama, kama si linalotazama?

Akashika kaunta.

Siku ile kliniki ikamrudia yote, bila kuitwa. Muuguzi alibandika kibandiko cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na akakibandika kulia. Chiriku alipiga ukelele, akapapasa hewani, akakinyofoa. Muuguzi akasema wote hulia mwanzoni, atazoea. Fundi alimsikia, akatabasamu kwa heshima, na moyoni akasema vijana wa siku hizi bwana, hata hawaangalii wanachofanya, wanamfunga mtoto jicho zima. Alipofika nyumbani akasahihisha. Akakiweka kushoto, juu ya jicho bovu, panapostahili. Mtoto hakulia hata chozi. Na yeye akajisifu kwa mkewe kwamba hospitali alilia, kwangu katulia, kwa sababu kazi ni kujua.

Mkewe alikuwa ameuliza. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Wiki ya kwanza tu, akiwa anamsuka mtoto, aliuliza kama kweli ndilo hilo la kufunikwa, mbona lile jingine linafanya kazi ile ile ya siku zote. Fundi akamjibu, "Tangu lini mashuka yakajua macho?" Mama wa watu akaendelea kusuka.

Miezi mitatu. Daktari alisema jicho linapotea, na yeye akalichukua akalifungia kabatini.

Akatoa simu, akapiga namba ya muuguzi, vidole vinateleza. Muuguzi akapokea, sauti ile ile ya upole. Fundi akasema anataka tu kuhakikisha jambo moja dogo. Muuguzi akamsaidia kabla hajalitaja: "Unafunika lile lenye nguvu, si ndiyo, ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi?"

"Ndiyo," fundi akasema. "Ndiyo, hilo hilo."

Uongo huo ulimtoka wenyewe, kwa woga mtupu, kama mtoto aliyevunja sahani. Muuguzi akamwambia vizuri sana, tuonane Jumatano. Simu ikakatika. Dada wa duka alikuwa amesikia yote, akainamisha macho kwenye kitambaa chake.

Chiriku naye alikuwa bado na sisimizi wake, anampongeza kwa jina. Fundi akamsogelea, akamwambia waweke kibandiko upande wa pili kidogo, kujaribu tu. Akakibandua kile cha kushoto polepole. Ngozi chini yake ilikuwa imepauka, na jicho likapepesa, likazunguka, likaenda kujificha puani. Akatoa kibandiko kipya mfukoni, akafunika la kulia.

Chiriku akanyamaza. Mtoto ambaye hunyamaza akiwa usingizini tu, na hata huko si kila siku. Mikono ilibaki imeshika mashine, vidole vimesimama.

Fundi alirudi nyuma hatua mbili, akasimama karibu na dada. Hakusema kitu; alitaka mtoto atazame. Chiriku akageuza uso kwa huyu, akaugeuza kwa yule, akarudi kwa wa kwanza. Walikuwa hatua mbili kutoka kwake, mchana kweupe, taa ya duka ikiwaka.

"Baba ni yupi?" akauliza.

Dada alitia mkono mdomoni. Kabla fundi hajasema ni mimi hapa, mtoto alianza kulia, analia kwa kutafuta, mikono imenyooshwa, mashine imeshuka mapajani. Fundi akakimbilia kumshika. Chiriku akamnusa shati, moshi wa chuma, ndipo akamng'ang'ania, na kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kibandiko kukinyofoa. Fundi akaukamata mkono ule mdogo. Akamwambia hapana, mama, sasa hakitoki. Mara hii hakitoki.

Ikabidi wachague upya. Dada alichomoa kadi ya sisimizi bila kuambiwa. Akaongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, akaweka mpira, Chiriku akasema hamna watu. Akaweka magari, Chiriku akasema kuna rangi zinapita. Dada akainama chini ya kaunta, akapekua boksi ambalo halikuwa limefunguliwa siku nyingi, akatoka na gemu ya watoto wa miaka miwili: maji meusi, na samaki mmoja wa njano, mkubwa, anajaza nusu ya kioo. Anavuka kutoka upande huu kwenda ule. Ukibonyeza akiwa katikati, umemdaka. Basi, ndiyo gemu nzima.

"Unaona nini?" fundi akauliza, na hakuwahi kuogopa jibu la mtu kama alivyoliogopa hilo.

Chiriku akaisogeza mashine mpaka ikamgusa pua. "Kuna kitu cha njano," akasema. "Kinakimbia."

Alipobonyeza, samaki alikuwa ameshapita. Akaja mwingine, akapita. Wa tatu, akapita.

Fundi akampigia mkewe kiwandani, ambako simu hupokelewa chooni kwa kunong'ona. Alikuwa amepanga maneno, namna ya kuanzia mbali, namna ya kumgusia daktari asiyeeleza vizuri. Akasikia cherehani zikivuma nyuma ya sauti yake, na mpango wote ukamtoka. Akasema, "Nilifunika silo. Wewe uliuliza, na nilifunika silo. Miezi yote hii."

"Sasa hivi liko wazi?" mkewe akauliza.

"Liko wazi."

"Linaona?"

"Kidogo. Sijui. Kidogo sana."

"Hospitali umewaambia?"

Fundi akasema aliwapigia, akawadanganya. Mkewe alipozungumza hakuwa amekasirika, na hilo lilimtisha kuliko hasira, maana alijua hasira yake ilivyo na hii haikuwa hiyo. Alikuwa anaogopa kama yeye. Akasema, "Wapigie. Sasa hivi, kabla hujanieleza mimi zaidi. Naomba ruhusa, nakuja."

Akawapigia. Mara hii alisema yote, kwa mpangilio, hata lile la vijana wa siku hizi. Muuguzi hakumkaripia. Fundi alisikia karatasi zikifunuliwa, kisha muuguzi akasema wasingoje Jumatano, wamlete Jumatatu asubuhi, wataingizwa wa kwanza. Kibandiko kikae hapo hapo kilipo sasa, alie asilie. Fundi akauliza kama jicho litarudi. Muuguzi akasema angekuwa na la kumwahidi angemwahidi, lakini muda mwingi umepita, na daktari ndiye atakayepima.

Dada wa duka alikuwa ameshaiunganisha mashine kwenye chaji, waya mrefu kuvuka kaunta, akasema wasiwe na haraka, wateja wa mchana huo ni wachache. Akaenda kusimama mlangoni, kawapa mgongo.

Chiriku alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anacheza. Samaki alikuwa akivuka, naye akibonyeza akichelewa, na kila akichelewa kidole kilikuwa kinashuka kwa nguvu zaidi, mpaka kitufe kikawa kinalia. Kisha akaacha. Akauinua uso, ile nusu iliyo wazi, akauelekeza karibu na pale baba yake alipokuwa.

"Baba, jicho langu limekufa?"

Fundi akatafuta. Alikuwa na majibu ya kila aina, ya betri na ya bawaba, ya mvua na ya maumivu ya tumbo, na yote aliyoyaokota yalikuwa ya uongo.

"Sijui, mwanangu," akasema.

Chiriku aliwaza hilo. Akanyoosha mkono kuutafuta wa baba yake, akaukosa, akapapasa ukingo wa kaunta, akaupata.

"Basi kaa hapa hapa," akasema. "Ukienda pale sitakujua."

Fundi akavuta stuli, akakaa. Samaki wa njano akaanza kuvuka tena.